Kufunga Mota ya Mlango wa Gereji Penye Dari ya Chini: Mwongozo Kamili

Katika nyumba nyingi za ghorofa zinazojengwa Dar es Salaam na Nairobi, gereji huwekwa chini ya chumba cha kulala, na mwashi akishamimina linta ya mlango wa gari, yaani zege linaloshikilia ukuta juu ya uwazi wa mlango, hubakiwa na nafasi ndogo sana kabla ya kukutana na biimu inayobeba sakafu ya juu. Ninaposema gereji hapa nina maana ya chumba cha kulaza gari nyumbani, si uwanja wa mafundi makanika, ingawa neno ni hilohilo. Mwenye nyumba huja kukumbuka nafasi hiyo baadaye, pale anapochoka kushuka garini kwenye mvua ili ainue mlango kwa mikono, na anapoambiwa dukani kwamba mota ya kawaida haiwezi kufungwa kwake.

Mara nyingi jibu hilo la dukani si la kweli. Mota yenyewe haihitaji nafasi kubwa kama watu wanavyodhani. Mlango ndio unaoihitaji, na unaihitaji ukiwa njiani, si ukiwa umefungwa wala ukiwa wazi kabisa. Mimi nilijifunza jambo hili kwa gharama. Nilipima mlango wangu ukiwa umefungwa, nikapata sentimita 17 kutoka chini ya linta hadi chini ya biimu, nikasoma kwenye boksi kwamba mota inataka sentimita 5, nikaifunga sentimita 5 juu ya linta na kuridhika. Tulipobonyeza rimoti, mlango ulipanda hadi usawa wa goti, ukingo wake wa juu ukagota chuma cha mota, na paneli ya juu ikabonyea kama sufuria ya alumini iliyoangushwa. Fundi niliyemwita kunisaidia aliangalia juu, akacheka kidogo, akasema: "Mzee, mlango umeupima umesimama, na hapa haupiti umesimama, unapita umeinama." Karibu kila kilichomo katika mwongozo huu kinatokana na sentensi ile.

Kuufahamu mlango wako

Mwongozo huu unahusu mlango wa paneli, yaani ule uliogawanywa katika vipande vinne au vitano vilivyounganishwa kwa bawaba, unaopanda kwa magurudumu madogo ndani ya reli mbili za pembeni, ukakata kona na kulala chini ya dari. Mlango wa kukunja wa chuma, kama wa maduka, hujiviringisha juu ya linta na mara nyingi hutaka nafasi kubwa zaidi mahali hapohapo, kwa hiyo si tiba ya dari ya chini. Mlango wa bamba moja unaojitokeza nje unapopanda una taratibu zake, na sitauzungumzia.

Nitatumia maneno mawili kwa makusudi ili tusichanganyane: reli ni njia ya magurudumu ya mlango, na boriti ni chuma kirefu cha mota kinachotoka ukutani juu ya mlango hadi kwenye kichwa cha mota, ambacho ndani yake au chini yake toroli hukimbia na kuuvuta mlango.

Tazama kwanza springi ziko wapi, kwa sababu hizo ndizo zinazobeba uzito wa mlango. Mota husukuma na kuvuta tu. Springi ya kujisokota huvaa mhimili wa chuma uliolazwa juu ya mlango, na pembeni mwa mhimili huo kuna ngoma zinazokunja kebo. Springi za kuvutika hulala sambamba na reli za juu, moja kila upande. Mlango wa kawaida wenye springi ya kujisokota mbele na kona ya reli ya nusu kipenyo cha sentimita 30 huhitaji takribani sentimita 30 juu ya linta. Kwa dari fupi kuna mfumo wa reli pacha: reli mbili za juu kila upande, ambapo gurudumu la juu kabisa huingia katika reli yake lenyewe na kuilaza paneli ya kwanza mapema, kabla ya nyingine kufika kwenye kona. Mfumo huo springi zikiwa mbele hutosheka na kama sentimita 24, na mhimili wa springi ukihamishiwa nyuma, mwishoni mwa reli, hushuka hadi kama sentimita 11.5. Mota ya boriti huongeza sentimita 5 hadi 8 juu ya hapo. Maana yake ni kwamba mtu mwenye sentimita 19 na reli pacha zenye springi nyuma anaweza kufunga mota ya kawaida bila kubomoa chochote, na mtu mwenye sentimita 13 hawezi, hata akiletewa mota ya boriti ya bei gani.

Kupima mlango ukiwa njiani

Hii ndiyo hatua ambayo ningekuomba usiiharakishe hata kama fundi wako ana haraka. Utahitaji futi ya chuma, chaki, pimamaji, fito iliyonyooka ya urefu wa mita moja na nusu hivi, na mtu mmoja wa kuinua mlango.

Mwambie mwenzako ainue mlango taratibu sana, akisimama kila baada ya sentimita 10. Wewe panda kwenye ngazi ndani ya gereji, uegemeze ncha moja ya fito kwenye ukingo wa juu wa mlango na kuishikilia ilale sawa kwa pimamaji, kisha uutazame ukingo huo ukipanda, ukifika juu kabisa, halafu ukianza kushuka kadiri paneli inavyolala. Pale unapofika juu kabisa ndipo ninapopaita kilele cha mlango. Weka alama ya chaki ukutani kwa usawa huo, upande wa kushoto, wa kulia na katikati, kwa kuwa sakafu za gereji nyingi humiminwa zikiwa na mteremko wa kutoa maji na alama za pembeni zinaweza kutofautiana. Kilele huja mapema kuliko wengi wanavyotarajia. Mlango ukishafika nusu, paneli ya juu imekwisha kulala.

Sasa pima kutoka alama ya kilele hadi kizuizi cha chini kuliko vyote, na kizuizi hicho si lazima kiwe dari: kinaweza kuwa biimu, bomba la maji machafu la bafu la juu, au holda ya taa. Ukipata sentimita 8 au zaidi, uko salama. Ukipata kati ya 5 na 8, kazi itawezekana lakini boriti italazimika kukaa karibu kugusana na zege. Chini ya 5, badilisha reli kwanza au ufikirie mota ya pembeni, ambayo nitaieleza.

Pima pia kina. Mlango wa urefu wa sentimita 210 ukiwa na boriti na kichwa cha mota huhitaji karibu mita 3.1 kutoka ukutani kuelekea ndani. Hapa kuna habari njema: kichwa cha mota, ambacho ndicho kinene kuliko vyote, hukaa nyuma ya pale mlango unapoishia ukiwa wazi. Kinaweza kuning'inia chini kuliko boriti bila kuugusa mlango, ilimradi kina kipo. Anayekwambia kwamba kichwa kina unene wa sentimita 15 na dari yako ina 12 amekosea hesabu. Kinachopita juu ya mlango ni boriti peke yake.

Mota ya pembeni

Kuna mota ndogo inayofungwa ukutani kando ya mlango na kuuzungusha mhimili wa springi moja kwa moja, bila boriti wala toroli. Juu ya karatasi inaonekana kuwa jibu kamili la dari fupi, lakini ina masharti. Inahitaji springi ya kujisokota yenye mhimili imara, kwa kawaida wa milimita 25, uliotokeza pembeni. Haifungwi kwenye springi za kuvutika. Na inataka nafasi ya ukuta ya sentimita 20 hivi upande mmoja. Sharti kubwa zaidi ni la kimaumbile: mota hiyo huachia kebo tu, na mlango hushuka kwa uzito wake wenyewe. Mlango uliolala bapa kabisa una uzito mdogo sana unaouvuta kuelekea chini, hivyo mota inaweza kuachia kebo wakati mlango haujaanza kushuka, kebo zikalegea na kuruka kwenye ngoma. Ndiyo maana mota hizi huuzwa pamoja na kifaa kinachohisi mvuto wa kebo, na mtu akikifunga vibaya au akakiacha ndani ya boksi anajitafutia balaa. Kwa mlango wa reli pacha wenye springi nyuma, usinunue mota ya pembeni mpaka uone katika kijitabu cha mtengenezaji kwamba inaruhusiwa kwa mpangilio huo.

Kusawazisha na kuimarisha mlango

Kabla ya kutoboa tundu lolote, hakikisha mlango uko sawa. Uinue kwa mikono hadi nusu, uuachie polepole: unapaswa kubaki hapo. Ukishuka, springi zimelegea. Ukipanda, zimekazwa kupita kiasi. Mota ikifungwa kwenye mlango usio sawa itafanya kazi kwa miezi kadhaa, kisha gia zake zitalika. Springi za kujisokota zilizokazwa zina nguvu ya kuvunja mkono, na hukazwa kwa vyuma maalumu viwili vinavyoingia sawasawa kwenye matundu yake, si kwa bisibisi wala kipande cha nondo. Kama hujawahi kuifanya, mlipe fundi anayeijua. Kwa springi za kuvutika, hakikisha waya wa usalama umepita katikati ya kila moja, ili ikikatika isiruke kama manati.

Toa kamba zote za kuvutia mlango, kisha ondoa au uzuie makomeo ya zamani yasiweze kufunga, maana mota ikivuta mlango uliokomewa kitakachokubali kupinda ni paneli.

Paneli ya juu inahitaji uangalifu wa pekee kwenye dari ya chini. Katika mfumo wa reli pacha, paneli hiyo hukunjwa kwa ghafla kuliko kawaida, na mkono wa toroli, yaani chuma kifupi kinachounganisha toroli na mlango, huivuta katikati tu. Bati jembamba halitavumilia. Funga chuma cha pembe au cha umbo la U kwa upana wote wa paneli, karibu na ukingo wa juu, kisha kipande cha wima katikati ambapo mkono wa mota utashikiliwa. Paka rangi ya kuzuia kutu kwenye kila tundu jipya. Anayeishi Kigamboni au Nyali hahitaji kuambiwa chumvi ya bahari inavyofanya kwenye tundu lisilopakwa rangi.

Kufunga boriti na kichwa

Chora mstari wa wima ukutani juu ya linta, katikati kabisa ya mlango, na uuendeleze darini kuelekea nyuma kwa kamba ya chaki. Juu ya alama ya kilele ongeza sentimita 5 na uweke kishikizo cha mwanzo wa boriti hapo. Kama ukuta uliobaki ni mfupi, kishikizo kinaweza kufungwa darini, kisizidi sentimita 15 kutoka ukutani. Kwenye dari ya zege, kufanya hivyo mara nyingi ni bora kuliko kung'ang'ania tofali la ukutani linalomomonyoka.

Kutoboa zege la ghorofa si sawa na kutoboa ukuta wa tofali. Tumia drili ya kugonga, na ukikutana na nondo usilazimishe, sogea sentimita chache. Kama slebu yako, yaani sakafu ya zege ya ghorofa ya juu, ni ya mbavu za zege na matofali matupu kati yake, gonga kwa nyundo ukisikiliza: sauti ya uwazi ni tofali, sauti nzito ni ubavu, na bolti za kupanuka ziingie kwenye ubavu tu. Usitoboe chini ya biimu katikati yake, ambako nondo kuu zimepita. Kama huna budi, toboa ubavuni mwake.

Unganisha boriti na kichwa sakafuni kwanza, ukifuata kijitabu, kisha uinue vyote pamoja watu wawili, uegemeze kichwa juu ya ngazi. Fungua mlango kabisa, uweke kipande cha ubao wa unene wa sentimita 4 juu ya paneli, na ulaze boriti juu ya ubao huo: hiyo ndiyo njia rahisi ya kupata kimo cha nyuma. Ning'iniza kichwa kwa vyuma vyenye matundu vilivyokatwa kwa kimo hicho, viwili vikienda juu na kimoja kikikaza mshazari ili kisicheze. Kwa sababu vyuma vyenyewe vitakuwa vifupi sana, mtikisiko wote huingia moja kwa moja kwenye slebu, na aliyelala juu atasikia kila unaporudi usiku. Weka mpira mnene kati ya kila chuma na zege. Hata mota ya mkanda, iliyo tulivu kuliko ya mnyororo, huvuma bila mpira huo.

Mkono wa toroli hufungwa mlango ukiwa umefungwa kabisa. Toroli ikae kama sentimita 20 kutoka mlangoni, na kishikizo cha mlangoni kiwe sentimita 5 hadi 10 chini ya ukingo wa juu, ili mkono ushuke kwa mshazari kuelekea mlangoni. Mkono ukisimama wima, mota ikianza kuvuta itainua paneli ya juu kabla ya kuivuta nyuma, na kwenye dari ya chini huko kuinuka ndiko kunakoipeleka kwenye boriti.

Umeme

Weka soketi yenye waya wa ethi darini, umbali unaofikiwa na waya wa mota bila ekstensheni, na kazi hiyo ifanywe na fundi umeme aliyesajiliwa. Watu wetu walioko Marekani hutuma mota nyumbani pamoja na mizigo mingine, nao wanapaswa kujua kwamba mota ya kule hutumia volti 120 na hertzi 60, wakati Tanzania na Kenya umeme ni volti 230 hadi 240 na hertzi 50. Transfoma hushusha volti lakini haibadilishi hertzi, kwa hiyo mota ya mkondo geu (AC) itazunguka polepole na kupata moto. Rimoti nazo hutofautiana: za soko la Marekani mara nyingi hutumia megahertzi 315 au 390, za Ulaya na zinazouzwa kwetu kwa kawaida 433.92. Ni nafuu kununua hapa.

Umeme ukikatika, kamba nyekundu ya dharura huachanisha toroli na mlango. Mpini wake uning'inie kimo cha mita 1.8 kutoka sakafuni. Chini ya hapo utanasa kwenye paa la gari. Kama gereji haina mlango mwingine wa watu, lazima uwepo ufunguo wa nje unaovuta kamba hiyo, la sivyo siku umeme ukikatika na betri ya akiba ikiisha utabaki nje. Betri ya akiba si anasa kwetu. Jimbo la California lenyewe liliifanya kuwa lazima kwa mota mpya za nyumbani kuanzia tarehe 1 Julai 2019, baada ya moto wa nyika wa mwaka 2017 kukata umeme na kuwaacha watu wakishindwa kufungua gereji zao.

Macho ya usalama na majaribio

Nchini Marekani, kila mota ya gereji ya nyumbani iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 hulazimika kuwa na kinga ya kumzuia mtu asibanwe, na kinga iliyozoeleka ni macho mawili ya mwanga. Yafunge yakitazamana pande mbili za mlango, yasizidi sentimita 15 kutoka sakafuni, kimo cha mtoto anayetambaa. Jicho linalopokea mwanga lisiangaliane na jua la asubuhi au jioni. Nimeona milango inayogoma kufunga saa kumi na mbili kamili na kukubali saa moja.

Weka mwisho wa kupanda na kushuka kwa vitufe au skrubu za mota, na nguvu iwe ndogo kadiri inavyowezekana huku mlango ukifika. Kisha laza ubao wa unene wa milimita 38 bapa sakafuni, katikati ya mlango, na ufunge. Mlango ukiugusa lazima urudi juu. Ukisimama tu, au ukiubana, rekebisha mwisho wa kushuka na nguvu, ujaribu tena. Usimruhusu mtu apite hapo mpaka urudi. Jaribio hilo lirudiwe kila mwezi, pamoja na lile la kukata mwanga wa macho kwa fagio mlango ukiwa unashuka.

Paka grisi nyepesi bawaba, magurudumu na springi, lakini si ndani ya reli, ambako grisi hukusanya vumbi. Reli hufutwa kwa kitambaa. Springi za kawaida hutengenezwa kwa mizunguko 10,000 hivi, na nyumba inayofungua mara nne kwa siku huimaliza katika miaka kama saba.

Mwisho, ingiza gari lenyewe. Fungua mlango wa gereji, usimame chini ya kichwa cha mota ukiangalia keria na antena, kisha inua taratibu mlango wa nyuma wa gari. Kwenye dari ya chini mlango huo hufika juu hadi usawa wa paneli zilizolala, na kama unagusa, bandika ukanda wa rangi sakafuni kuonyesha gari lisimame wapi.